Nani Alichonga, Nani Alipaka Rangi

Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, mtawa wa Maryknoll kutoka Marekani, alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, mahali ambapo vijana wangechonga, kuchora na kuuza kazi zao. Miongoni mwa waliopita hapo ni George Lilanga, Mmakonde wa Masasi aliyezaliwa mwaka 1934. Aliingia kama mlinzi wa usiku. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa mchongaji hapo hapo, na haikuchukua muda kabla kazi za mlinzi huyo nazo hazijaonekana. Akaachana na ulinzi, akakaa na wasanii.

Wachongaji wengi wa Kimakonde waliusugua mpingo mpaka ukang'aa, wakauacha na weusi wake. Lilanga alishika njia nyingine. Alichonga mashetani wenye masikio makubwa, matumbo yaliyotuna na vidole vichache, kisha akawapaka rangi kali: nyekundu, njano, buluu, kijani. Mmoja alijaa madoa, mwingine mistari, na hata waliofanana umbo walitofautiana kwa mavazi ya rangi. Hawakuwa mashetani wa kutisha. Walicheza ngoma, walisengenyana, walibeba mizigo, waliishi kama watu wa uswahilini wanavyoishi.

Miaka mingi baadaye, sanamu ndogo zilizotiwa rangi kwa mkono zikawa na soko kubwa duniani. Huko Hong Kong, Michael Lau alionyesha mwaka 1999 vikaragosi vyake vya vijana wa mitaani, kila kimoja kikiwa na nguo na sura yake. Mwaka huo huo msanii wa Marekani anayejiita KAWS alitoa nchini Japani kikaragosi cha Companion, nakala 500 tu. Wakusanyaji wa vitu hivyo huuliza mambo matatu: nani alibuni, nani alipaka rangi, na ziko ngapi. Maswali hayo yanafaa kuulizwa hapa kwetu pia, kwa kuwa historia ya kukusanya sanamu za Tanzania ni historia ya majina yaliyopotea na machache yaliyookolewa.

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa havijamalizika, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka kusini mwa koloni la Kijerumani hadi uwanda wa Wamakonde. Alipiga picha, alinasa nyimbo kwa fonografu, na alirudi Ujerumani na shehena ya vitu, vikiwemo vinyago vya ngoma. Ukusanyaji wa zama zile ulijali zaidi kabila kuliko mtu. Kinyago kiliandikwa kuwa cha Wamakonde, na fundi aliyekesha akikichonga akabaki nje ya daftari.

Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1950, wachongaji waliotoka Msumbiji walipozidi kufika Dar es Salaam kutafuta riziki. Mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua kazi zao na kuwahimiza wabuni maumbo mapya. Inasimuliwa kwamba Samaki Likankoa alipeleka sanamu iliyovunjika mkono, akaitengeneza upya ikawa kiumbe wa ajabu, na wanunuzi wakaipenda. Hapo ndipo wengi wanapoweka mwanzo wa mtindo wa shetani. Yakobo Sangwani naye anatajwa katika mwanzo wa ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana. Sasa mitindo ilikuwa na wenyewe.

Lilanga alilipeleka jina mbali zaidi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Baadaye Jean Pigozzi alizinunua kwa ajili ya mkusanyo wake wa sanaa ya Afrika ulioko Geneva, na mwaka 2004 Lilanga alikuwemo katika maonyesho makubwa ya Africa Remix yaliyoanzia Düsseldorf. Kisukari kilimpokonya miguu, lakini hakikumnyamazisha. Vijana wa karakana yake walimsaidia, na mjukuu wake Hendrick Lilanga akaendelea na sanaa hiyo. Lilanga mwenyewe alifariki mwaka 2005. Tangu hapo mnunuzi makini hatosheki na saini peke yake. Anataka kujua mkono upi ulichonga, upi ulipaka rangi, na mzee alikuwa na hali gani wakati huo. Karakana si aibu. Hata mafundi wakubwa wa Ulaya walikuwa nazo. Kinachoumiza ni kazi ya msaidizi kukosa jina lake.

Msomaji wa Kilolo anaijua hasara hiyo kwa njia nzito kuliko ya sanaa. Kabla ya mwaka 2002 Kilolo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Iringa, na yote ni nchi ya Uhehe. Chifu Mkwawa wa Wahehe alipofariki mwaka 1898, fuvu lake lilichukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, lakini halikurudi Kalenga, huko Uhehe, hadi mwaka 1954. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilitafuta katika makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu yapatayo 2,000, akitegemea vipimo kwa sababu hapakuwa na jina. Mabaki ya binadamu si sanamu, wala hayapaswi kuwekwa fungu moja na vitu vya kununuliwa. Hata hivyo kabati la namba zisizo na majina lilikuwa ni lile lile.

Leo Iringa ina Makumbusho ya Boma, katika jengo la zama za Wajerumani, na ina Neema Crafts, kituo kilichoanza mwaka 2003 na kinachowapa kazi mafundi wenye ulemavu. Kuna pia wasukaji wa vikapu vya milulu na wachongaji wanaouza kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Kila kitu kinachonunuliwa hapo kingeweza kuondoka na kikadi kidogo: jina la aliyekitengeneza, jina la aliyekipaka rangi, kijiji, aina ya mti au jani, mwaka, na kama kilitengenezwa kimoja au kumi. Gharama yake ni karatasi na kalamu. Nakala ya pili ibaki na fundi, ya tatu iende Boma, ili mtafiti wa mwaka 2100 asihitaji kwenda Leipzig kuuliza habari za mchongaji wa Ilula.