Matembezi Yaliyoijenga Katalunya ya Kale

Katika mtaa wa Carrer del Bisbe, ndani ya mji mkongwe wa Barcelona, viongozi wa watalii husimamisha makundi yao mahali pamoja. Juu ya vichwa vyao kuna daraja la mawe linalounganisha majengo mawili, lenye nakshi nyembamba na matao yaliyochongoka. Ukisimama chini yake na kuinua macho, unaliona fuvu la kichwa lililochomwa jambia. Simu hutolewa, picha hupigwa, na wengi huondoka wakiamini wameona kazi ya mafundi wa karne ya 14. Daraja hilo lilijengwa mwaka 1928. Msanifu wake, Joan Rubió i Bellver, aliwahi kuwa msaidizi wa Antoni Gaudí. Hata uso wa kanisa kuu lililo hatua chache kutoka hapo ni wa juzi tu: kazi yake ilianza mwaka 1887, na mnara wa katikati ulikamilika 1913.

Wapo Wakatalani wanaoita jambo hili ulaghai. Mimi nadhani lina mzizi mrefu zaidi ya hapo. Waliojenga daraja lile waliishi katika mji ambamo watu wenye elimu walikuwa wameshazoea, kwa zaidi ya miaka 50, kutoka siku za mapumziko na penseli na daftari kwenda kutazama mambo ya kale ya nchi yao. Walipoyakuta yamebomoka waliyakarabati, walipoona yanaibwa waliyahamisha, na pale yalipokosekana kabisa hawakuona haya kuyajenga. Katalunya ya kale anayoonyeshwa mgeni leo ndani ya siku moja, kwa sehemu kubwa, ilichaguliwa na watembezi hao.

Tarehe yao ya kuzaliwa inajulikana. Novemba 26, 1876, vijana wachache wa Barcelona walikutana kwenye magofu ya ngome ya Montgat, kilima kilicho ukingoni mwa bahari kaskazini mwa mji, wakaanzisha chama walichokiita Associació Catalanista d'Excursions Científiques. Kufika Montgat hakukuwa shida. Reli ya kwanza ya Hispania bara, kutoka Barcelona hadi Mataró, ilipita hapo chini tangu mwaka 1848. Bila treni harakati hizi zisingekuwapo, kwa kuwa ndiyo iliyomwezesha karani wa duka au mwanafunzi kwenda kuona monasteri na kurudi kulala kwake.

Walikuwa na sababu ya kuwa na haraka. Mwaka 1835 makundi ya watu wenye hasira yalichoma nyumba za watawa Barcelona na kwingineko, na serikali ya Madrid ikafuatia kwa kutaifisha mali za mashirika ya kitawa na kuzipiga mnada. Monasteri zilizokuwa zimekaa karne saba zikawa mazizi na machimbo ya mawe ya bure. Kuta za mji wa Barcelona zilianza kubomolewa 1854, viwanda vya nguo vikaenea, na mtaa mpya wa Eixample ukameza mashamba. Wakati huo huo waandishi walikuwa wanairudisha lugha ya Kikatalani kwenye vitabu baada ya karne kadhaa za kusukumwa pembeni. Kizazi hicho kilihisi kwamba nchi inapotea kabla hakijapata kuiona.

Matembezi yao hayakuwa ya kunyoosha miguu tu. Neno "kisayansi" katika jina la chama walilichukua kwa uzito. Mmoja alibeba kipimahewa cha kukadiria urefu wa milima, mwingine alichora matao, mwingine aliketi na bibi kizee akiandika nyimbo na hadithi zake. Waliporudi mjini walisomeana taarifa ya safari mbele ya wanachama, kisha taarifa ikachapishwa kwenye jarida la chama. Ndiyo maana leo mtafiti anayetaka kujua kanisa fulani la kijijini lilikuwaje kabla halijaguswa huanzia kwenye majarida hayo. Padri na mshairi Jacint Verdaguer alitembea Pirenei kwa namna hiyo kabla ya kutoa utenzi wake Canigó mwaka 1886. Gaudí alijiunga na chama mwaka 1879, akiwa amepata cheti cha usanifu mwaka mmoja tu kabla.

Kama ilivyo kawaida ya vyama, walifarakana mapema. Kundi moja lilijitenga 1878, na wakapatana miaka 12 baadaye kuunda Centre Excursionista de Catalunya, ambacho kipo hadi leo. Ofisi zake ziko Carrer Paradís namba 10, na mgeni asiye na habari hushtuka akiingia uani: mbele yake zinasimama nguzo nne za hekalu la Kirumi la Augusto, za miaka 2,000, zimebanwa na kuta za nyumba kana kwamba zilimea humo. Mlangoni, sakafuni, kuna jiwe la kusagia nafaka linaloonyesha kilele cha kilima ambacho juu yake Warumi walijenga mji. Kimo chake ni mita 16.9. Chama kilichopeleka watu kwenye vilele vya Pirenei kinakaa juu ya kilima hicho.

Poblet inaonyesha vizuri jinsi kutembelea kulivyozaa kukarabati. Ni monasteri ya Wasistersia kusini mwa Katalunya, mahali walipozikwa wafalme wa Aragon, na baada ya 1835 ilikuwa gofu lililochimbwachimbwa na watafuta hazina. Karibu mwaka 1870, vijana watatu wa mji jirani wa Reus walikwenda kuitazama na wakaandika mpango wa kuifufua. Mmoja alikuwa Gaudí, ambaye hakuwa amefikisha miaka 20. Mwingine, Eduard Toda, alikuwa mdogo zaidi. Mpango ule uliishia kwenye karatasi. Toda akawa mwanadiplomasia, akatumikia China kisha Cairo, ambako mwaka 1886 alishiriki kufunguliwa kwa kaburi la Sennedjem, fundi wa zama za mafarao, na kuandika orodha ya vilivyokuwamo. Uzeeni alirudi Poblet. Kuanzia 1930 aliongoza bodi ya ukarabati, akahamia humo humo ndani, na mwaka 1940 aliona watawa wakirejea. Alifariki mwaka uliofuata. Tangu 1991 Poblet imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mabasi ya shule hupanga foleni nje ya kuta zake.

Ripoll, kaskazini, ilipata bahati mapema zaidi. Monasteri hiyo iliyoanzishwa na Bwana Wifredo Mwenye Nywele katika karne ya tisa ilikarabatiwa na Elies Rogent, mkuu wa shule ya usanifu ya Barcelona, na kuwekwa wakfu upya 1893. Wataalamu wanamlaumu Rogent kwa kubuni pale alipokosa ushahidi. Lakini lango la karne ya 12, lenye Biblia nzima nzima iliyochongwa kwenye jiwe, lilinusurika, na wageni wengi huenda Ripoll kwa ajili ya lango hilo.

Sura iliyo nzito kuliko zote ilianza mwaka 1907. Juni ya mwaka huo Enric Prat de la Riba, rais wa halmashauri ya mkoa wa Barcelona, alianzisha Institut d'Estudis Catalans. Miezi michache baadaye taasisi hiyo changa ilituma watu watano kwenye mabonde ya Pirenei: wasanifu Josep Puig i Cadafalch na Josep Goday, mwanasheria Guillem Maria de Brocà, padri Josep Gudiol i Cunill aliyesimamia makumbusho ya Vic, na mpiga picha Adolf Mas aliyebeba kamera yake nzito na vioo vyake. Yalikuwa matembezi yale yale ya chama, ila safari hii kwa fedha za umma.

Katika bonde la Boí, kijijini Taüll, walikuta makanisa ya mtindo wa Romaneski, yenye kuta nene, madirisha madogo na minara mirefu myembamba. Sant Climent na Santa Maria yaliwekwa wakfu siku mbili mfululizo, Desemba 10 na 11, 1123. Tarehe ya Sant Climent iliandikwa kwa rangi kwenye nguzo ya kanisa lenyewe. Nyuma ya altare alionekana Kristo ameketi, macho makubwa, mkono wa kulia umeinuliwa, wa kushoto ukishika kitabu kilichofunguliwa, rangi ya buluu ikiwaka nyuma yake. Taasisi ikaanza kuchapisha vijitabu vya nakala za michoro hiyo, na dunia ikajua.

Miongoni mwa waliojua walikuwamo wafanyabiashara wa sanaa. Mwaka 1919 habari zilifika Barcelona kwamba michoro ya kanisa la Santa Maria de Mur imeuzwa, na mafundi wa Kitaliano wanaibandua. Hapakuwa na sheria ya kuwazuia. Michoro ya Mur ilifika Marekani, na tangu 1921 ni mali ya Museum of Fine Arts ya Boston. Vijitabu vilivyochapishwa ili kuilinda michoro vilikuwa vimewapa wanunuzi orodha ya bidhaa. Sijui kama wasomi wale waliwahi kulikubali jambo hilo hadharani, lakini hatua waliyochukua inaonyesha walilielewa. Joaquim Folch i Torres wa bodi ya makumbusho ya Barcelona alinunua michoro iliyobaki, kisha akawaajiri mafundi wale wale, wakiongozwa na Franco Steffanoni, waibandue kwa ajili ya mji.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Huyeyushwa gundi ya mifupa na ngozi za wanyama. Vitambaa vilivyoloweshwa gundi hiyo ikiwa ya moto hubandikwa juu ya mchoro, tabaka juu ya tabaka. Gundi ikikauka hunywea, na ikinywea huishika rangi. Fundi huanza ukingoni na kuvuta polepole, akisaidia kwa patasi. Ngozi nyembamba ya rangi huachana na lipu na kutoka na kitambaa, huku ukutani kukibaki kivuli chake. Vitambaa hukunjwa mviringo na kutiwa masandukuni. Kutoka Taüll hapakuwa na barabara ya gari, kwa hiyo masanduku yaliteremka mlimani kwa migongo ya nyumbu. Barcelona michoro ilibandikwa kitambaa kipya upande wa nyuma, na kile cha mbele kikaondolewa kwa maji ya moto. Hadi mwaka 1923 mabonde yalikuwa yamemaliza kuteremshwa mjini.

Tangu 1934 michoro hiyo inakaa Palau Nacional, jumba lililojengwa kilimani Montjuïc kwa maonyesho ya kimataifa ya 1929. Kila mchoro umewekwa juu ya umbo la mbao lililopinda kama ukuta ulikotoka. Kutoka Barcelona hadi Taüll ni mwendo wa saa nyingi wa gari, na si safari ya siku moja. Makumbusho ndiyo yaliyoifanya iwe ya siku moja: mtoto wa shule huona bonde zima kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana.

Walimu nao walikuwa wametambua nguvu ya kujifunza kwa kutembea. Rosa Sensat, katika Escola del Bosc iliyofunguliwa Montjuïc mwaka 1914, alifundisha nje, chini ya miti, na kuyafanya matembezi kuwa sehemu ya masomo. Baada ya ushindi wa Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1939 Kikatalani kilifukuzwa madarasani na maofisini, na matembezi ya Jumapili yakabaki mahali ambapo watu wangeweza kutaja jina la mlima au la mtakatifu kwa lugha ya kwao. Mwaka 1965 walimu wachache, Marta Mata miongoni mwao, walianzisha kwa siri shule ya kuwanoa walimu wenzao na kuipa jina la Rosa Sensat. Walimu waliopita humo ndio waliozirudisha ziara za mafunzo kwenye ratiba za shule demokrasia iliporudi.

Bonde la Boí halikubaki mikono mitupu. UNESCO iliyaorodhesha makanisa yake mwaka 2000, na tangu 2013 mchoro wa Sant Climent hurushwa kwa mwanga juu ya ukuta ule ule ulikobanduliwa.

Hesabu moja bado haijafungwa. Mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, monasteri ya Sixena ilichomwa moto. Sixena iko Aragon, si Katalunya. Josep Gudiol i Ricart, mpwa wa yule padri wa safari ya 1907, aliibandua michoro iliyonusurika na kuileta Barcelona, na leo makundi hupelekwa kwenye chumba chake Palau Nacional kuona rangi zilizobadilishwa na moto. Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Hispania iliamuru irudishwe Sixena. Wataalamu wa makumbusho wanasema rangi zilizoungua haziwezi kustahimili safari. Watu wa Aragon wanakumbusha kwamba zilipoondoka kwao zilikuwa zimeungua vile vile.