Kisomo: haraka ilikuwa haki

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa takribani theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Miaka mitatu kabla yake, Mwalimu Nyerere alikwisha kusema kwamba elimu ianze na wakubwa, kwa kuwa watoto wangechukua miaka mingi kabla ya kuubadili uchumi wa nchi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha wilaya chache, Mafia na Ukerewe zikiwamo, zikatakiwa kufuta ujinga katika mwaka 1971 peke yake. Walimu wa kujitolea, wengine wakiwa wamemaliza shule ya msingi tu, walifundisha jioni katika madarasa ya kusoma na kuandika ya watu wazima, yaliyoitwa kisomo. Kanda ya Ziwa, wanakisomo walijifunza herufi kwa vitabu vya kilimo cha pamba, migomba na uvuvi. Kufikia 1986, majaribio ya taifa yalionyesha wasiojua kusoma wamebaki asilimia 9.6.

Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa ushahidi wa methali ya haraka haraka haina baraka, maana katika sensa ya 2002 karibu watu wazima 3 kati ya 10 hawakujua kusoma. Vipimo hivyo viwili havilingani, na baadhi ya waliohesabiwa 2002 walikuwa vijana waliokosa shule, si wanakisomo waliosahau. Hata hivyo hoja yao ina uzito: asiyesoma kitu baada ya kufuzu husahau. Lakini tiba yake si kuanza polepole. Mkulima wa miaka 50 mwaka 1970 asingeweza kusubiri. Kwake, mwendo wa taratibu ulikuwa sawa na kunyimwa. Majaribio ya kisomo yenyewe yalikuwa na hatua nne, na ya nne ilimtaka mtu autumie usomaji katika shughuli zake za kila siku. Herufi hushikwa kwa miezi. Mazoea ya kuutumia usomaji hudai miaka. Ndiyo maana gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianzishwa Mwanza mwaka 1974, na maktaba zikafunguliwa vijijini. Baada ya vita vya Kagera, uchumi ulipoyumba, fedha na karatasi zikaadimika, na sehemu hii ya taratibu ndiyo iliyoumia zaidi. Kwa hiyo kisomo hakikukosea kukimbia. Anayepanga elimu leo aharakishe kumfikisha mtu kwenye kusoma, na bajeti ya vitabu na magazeti ya miaka inayofuata aitenge kabla darasa la kwanza halijafunguliwa.