Ruhwa: Namna ya kuzuia umeme tuli wakati wa kupiga rangi bodi ya faiba

Lori nyingi za masafa marefu zina sehemu za faibaglasi, au faiba kama mafundi wanavyoiita: kizuia upepo juu ya kabini, bampa, na kuta za bodi la friji. Sehemu hizo zinapopuliziwa rangi, umeme tuli unaweza kuharibu kazi yote kwa vumbi, au kuwasha moto gereji.

Kwa nini faiba ni tofauti na bati

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini, na haipitishi umeme. Ikisuguliwa kwa msasa mkavu au kitambaa, au ikibanduliwa utepe, hupata chaji. Bati likiunganishwa na ardhi kwa waya, chaji huondoka mara moja. Faiba ukiifunga waya, chaji huondoka pale tu waya unapogusa, kwingine hubaki. Kwa hiyo waya wa ardhi peke yake hautoshi.

Hali ya Bugarama

Bonde la Bugarama, ambako barabara ya Kamembe huteremka kuelekea Ruhwa, ni miongoni mwa sehemu za chini kabisa nchini Rwanda, na lina joto. Kiangazi cha Juni hadi Agosti hewa hukauka na vumbi la barabarani huongezeka. Faiba yenye chaji huvuta vumbi hilo hadi kwenye rangi mbichi. Unyevu hewani ukizidi takriban asilimia 60, chaji hupungua yenyewe. Hewa ikiwa kavu, hudumu muda mrefu.

Hatari ya moto

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hivyo hukaa sakafuni na kwenye shimo la gereji. Cheche ya chini ya milijuli 1, ambayo mtu anaweza asiihisi, inatosha kuuwasha.

Hatua za kufuata

1. Tumia msasa wa maji, kisha osha kwa maji na sabuni. Acha faiba ikauke kabisa.
2. Mwagia sakafu maji kabla ya kupuliza. Vumbi litatulia na hewa itapata unyevu.
3. Futa mara ya mwisho kwa kitambaa cha pamba chenye dawa ya kuondoa umeme tuli. Pitisha polepole, usisugue. Usitumie kitambaa cha nailoni.
4. Baada ya hapo usipulize upepo mkavu wa kompresa. Gereji yenye bunduki ya hewa ya ayoni itumie hiyo, kwani huondoa chaji kwenye faiba yenyewe.
5. Unganisha na ardhi vyuma vyote vilivyo karibu: fremu, stendi, kompresa na makopo ya rangi. Matairi huzuia umeme wa gari kwenda ardhini. Usisahau boliti na mabano yaliyofungwa ndani ya faiba. Hukusanya chaji na kutoa cheche.
6. Tumia makopo ya chuma kwa thina, si madumu ya plastiki. Unapomimina, unganisha makopo yote mawili kwa waya.
7. Fundi avae nguo za pamba na aguse chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kuanza. Asivue koti la nailoni karibu na rangi.
8. Funika kwa karatasi badala ya plastiki. Bandua utepe polepole, mvuke ukishatoka.
9. Fungua milango hewa ipite. Jiko la mkaa na sigara vikae mbali.

Kwa mwenye gari

Kabla hujaacha gari gereji, uliza: faiba itapigwa msasa wa maji au mkavu? Vyuma vimeunganishwa na ardhi? Thina inawekwa kwenye nini? Gereji isiyo na majibu inaweza kukurudishia gari lenye vumbi ndani ya rangi, na hapo rangi yote hukwanguliwa upya huku gari likikosa safari.