Nyumba ya Makasisi ya Alfriston

Mwaka 1896, taasisi ya Kiingereza iitwayo National Trust, iliyokuwa imeundwa mwaka mmoja tu nyuma, ilinunua jengo lake la kwanza kwa paundi 10. Halikuwa ngome wala jumba la kifalme. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, iliyochakaa, kando ya kanisa la kijiji cha Alfriston, katika jimbo la Sussex, kusini mwa Uingereza.

Jina lake laweza kumpotosha msomaji. Wataalamu wengi huona kwamba nyumba hiyo, iliyojengwa karne ya 14, ilikuwa kwanza ya mkulima mwenye uwezo, na kwamba makasisi waliipata baadaye. Umbo lake lathibitisha jambo hilo, kwa kuwa ni lile lile la nyumba za wakulima wa sehemu hizo. Katikati pana ukumbi mmoja ulio wazi hadi kwenye paa. Moto uliwashwa sakafuni, na kwa kuwa hapakuwa na dohani, moshi ulipanda na kupenya juu. Ncha mbili za nyumba zina vyumba vya orofa, na paa moja la nyasi hufunika vyote. Kiunzi ni cha mwaloni. Nafasi kati ya nguzo zilijazwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo. Sakafu ya ukumbi ni ya chokaa iliyopondwa na kugandishwa kwa maziwa yaliyochacha, ufundi ambao mjenzi yeyote wa nyumba za udongo angeutambua mara moja.

Katika karne ya 19 nyumba ilikaliwa na vibarua, ikadhoofika hata ikakaribia kubomolewa. Kasisi wa parokia, F. W. Beynon, ndiye aliyeomba msaada. Octavia Hill, mmoja wa waasisi watatu wa taasisi hiyo, aliitetea. Palizuka hapo swali zito: je, ukarabati maana yake ni kuirudisha nyumba katika upya wa kubuniwa? Chama kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877 kilikwisha kulijibu: rekebisha kilichooza, acha kilicho kizima, wala usighushi umri. Msanifu Alfred Powell alifuata njia hiyo. Kwa hiyo boriti zilizopinda zingali zimepinda, na kwenye pembe moja ya ukumbi jani la mwaloni lililochongwa lingali linaonekana. Wengine hudhani ndilo lililozaa nembo ya taasisi.