Uasili: Bidhaa Imezaliwa Wapi?

Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, iko kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Ukiifuata barabara hiyo ukapita Lamadi, Bunda na Tarime, inakufikisha Sirari, mpakani na Kenya. Kwa hiyo mtu wa hapa mwenye magunia matano ya dagaa tayari yumo katika biashara ya kimataifa, na katika maneno yote ya forodha kuna moja linalomgusa kuliko mengine: uasili.

Mama mmoja muuza dagaa aliniuliza, huku mkono ukiwa ndani ya gunia: "Mwanangu, hawa si feki, wanuse mwenyewe. Cheti cha uasili cha nini tena?" Swali lake lina mantiki kamili. Masikioni mwetu "asili" ni ubora: dawa za asili, kuku wa asili. Anayedaiwa cheti cha uasili wa bidhaa hudhani anatuhumiwa kuuza kitu bandia. Wengine hudhani wanaulizwa walikonunua, wakatoa risiti ya duka la Mwanza.

Forodha wanachotaka kujua ni bidhaa imezaliwa wapi. Dagaa waliovuliwa upande wetu wa ziwa na mpunga uliolimwa Busega ni vya Tanzania moja kwa moja. Beseni la China lililonunuliwa Mwanza kwa risiti halali linabaki la China. Mchele wa Asia ukitiwa kwenye viroba vipya vyenye jina la Kitanzania haubadili uasili, maana kufungasha na kubandika lebo hakutoshi. Kwa bidhaa za kusindika, kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki za mwaka 2015 zinataka malighafi ya kigeni igeuzwe vya kutosha. Kwa bidhaa nyingi kipimo ni kwamba thamani ya malighafi hiyo isizidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani ya bidhaa.

Kinachopiganiwa hapa ni fedha. Tangu Umoja wa Forodha uanze mwaka 2005, lengo limekuwa bidhaa zenye uasili wa Jumuiya zivuke mipaka ya ndani bila ushuru wa forodha. Zinazotoka nje ya Jumuiya hukutana na viwango vya asilimia 0, 10, 25 au 35, na nyeti kama mchele zina viwango vyake vizito zaidi. Mzigo wenye uasili wa Jumuiya usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti cha uasili kilichorahisishwa palepale mpakani, bila malipo. Cheti hicho hakifuti kodi nyingine, wala hakichukui nafasi ya kibali cha kusafirisha dagaa nje au cheti cha afya ya mimea kwa nafaka. Wengi hukwama hapo, kwa sababu wameambiwa tu kwamba "ni bure".

Kisarufi, "uasili" limeundwa vizuri. Mimi ningechagua "chimbuko", maana hakuna anayesikia chimbuko akafikiria bandia. "Uzawa" lingekaa vizuri zaidi, lakini mijadala ya siasa za uchumi imeshalichukua. Fomu zikiwa zimeshachapwa kwa neno "uasili", wajibu wetu ni kulifafanua kila tunapolitaja, hasa sokoni na mialoni.

"Ushuru" nalo lina utata wake. Nyashimo ukisema ushuru, mtu anawaza ule wa mazao unaolipwa halmashauri. Nimewasikia wafanyabiashara wakisema, "Nimeshalipa ushuru," wakiamini yamekwisha, kumbe mpakani wanazungumzia ushuru mwingine. Hata hivyo, stakabadhi ya ushuru wa halmashauri isitupwe. Inaonyesha mzigo ulitoka wapi na lini, na afisa akiuliza chimbuko la dagaa, ni ushahidi wa kuanzia.

Nilimshauri yule mama aanze daftari: jina la mwalo, tarehe, kilo, aliyemuuzia, na stakabadhi ibanwe kwenye ukurasa huohuo. Alimwita mjukuu wake anayesoma sekondari, akampa kalamu. Mstari wa kwanza uliandikwa hapohapo juu ya gunia: Nyamikoma, magunia matano.