Leseni ya Dell kwenye mashine ya HP: mifumo mikongwe ilivyofika Moshi

Kompyuta ya kwanza kufungwa Tanzania ilivaa jina lisilo lake. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipokea mashine iliyoandikwa ICT 1500, ICT ikiwa kampuni ya Kiingereza. Kumbe ilikuwa RCA 301 ya Wamarekani, ambayo ICT iliinunua, ikabandika nembo yake na kuiuza. Fundi wa kompyuta wa Moshi, anayepambana kuuingiza mfumo endeshi wa zamani kwenye mashine ya jina jingine, anaendeleza kazi yenye umri sawa na kompyuta yenyewe nchini.

Mashine ile ilifika ikiwa imeshapitwa. Mwaka 1964 ICT ilikuwa imetangaza mfululizo wa 1900, uliotokana na kompyuta ya Ferranti-Packard ya Kanada, na 1900 haikuelewa chochote kilichoandikiwa 1500. Kuhama kulimaanisha kuandika upya. Serikali ilihamia 1900, na mradi wa kuingiza hesabu zake kwenye kompyuta ukaharibika, uhaba wa wataalamu ukiwa miongoni mwa sababu kubwa. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, nchi nzima ikiwa nazo saba tu.

Mwaka huohuo ICL, iliyoirithi ICT, ilizindua mfululizo wa 2900. Safari hii kampuni ilikuwa imetambua kwamba mteja haachi programu zake kirahisi. Ikatengeneza njia ya kuifanya 2900 ijione ni 1900, na mfumo endeshi wa zamani, George 3, ukaendelea na kazi kwenye mashine mpya.

Huku Moshi kazi iliendelea kwa kalamu. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilisimama juu ya daftari: jina la mkulima, kilo alizoleta kwenye chama cha msingi, malipo ya awali, kisha malipo ya pili kahawa ikishauzwa mnadani mjini. Chuo cha Ushirika kilikuwapo mjini hapo tangu mwaka 1963, kikifundisha watu kutunza hesabu za namna hiyo. Ni kazi ambayo kompyuta inaiweza mno. Lakini pia ni kazi inayomfunga mtu: rekodi za misimu kumi zikishaingia kwenye programu moja, hutaki tena kusikia habari ya kubadilisha.

Marufuku ilipolegea, kompyuta zilizoingia zilikuwa za kizazi kingine. IBM ilikuwa imetoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981, ikitumia prosesa ya Intel na mfumo endeshi kutoka Microsoft, vitu ambavyo kampuni nyingine zingeweza kuvinunua. Kilichokuwa mali ya IBM peke yake ni BIOS, programu fupi inayoiamsha mashine. Compaq waliivuka kamba hiyo kwa subira. Kundi moja lilieleza kwa maandishi BIOS inafanya nini, na kundi jingine, ambalo halikuwahi kuona msimbo wa IBM, likaandika ya kwake kutokana na maelezo hayo tu. Mashine ya Compaq ikaingia sokoni mwaka 1983. Wanunuzi wa miaka ile waliipima mashine ya kuigiza kwa Lotus 1-2-3 na mchezo wa kurusha ndege wa Microsoft. Ikiendesha hizo, inafaa. Naiheshimu kazi ya wahandisi wale kuliko uvumbuzi mwingi uliopewa sifa kubwa zaidi, kwa sababu bila mashine za kuigiza, bei ya kompyuta isingeshuka upesi vile.

Windows XP ilipotoka Oktoba 2001, kamba ilirudi kwa sura nyingine. Sidii iliyotolewa na Dell ilitazama ndani ya BIOS. Ikikuta jina la Dell, windo inakubali bila maswali. Kwenye HP, inadai kuidhinishwa. Leseni yenyewe ilifungwa kwenye mashine iliyouzwa nayo. Kompyuta za mtumba zilizotoka maofisi ya Ulaya mara nyingi zilikuja na stika ya leseni ubavuni lakini diski imefutwa, na sidii ya asili haipo.

Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Mteja ameshuka kutoka Marangu na mashine inayotaka kupigwa windo. Fundi anawasha huku anagonga F12 ikiwa ni Dell, au F9 ikiwa ni HP. XP inaanza kusoma, kisha skrini inageuka bluu na namba 0x0000007B. Asiyejua atasema diski imekufa. Anayejua anarudi kwenye BIOS, anatafuta mpangilio wa SATA, anauhamisha kutoka AHCI kwenda IDE, kwa kuwa XP haina draiva ya AHCI. Anahifadhi, anaanza upya, na diski inaonekana.

Wapo wanaouita ukaidi huu wa kung'ang'ania XP ushamba. Hawajatazama hesabu. XP iliridhika na RAM ya megabaiti 128. Vista, mwaka 2007, ilitaka 512. Mwenye mashine ya zamani na programu inayofanya kazi hakuwa na sababu ya kununua nyingine.

Hatari ipo, na si ndogo. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani, kampuni hiyo ililazimika kutoa kiraka hata kwa XP. Kwa hiyo mfumo mkongwe ukae mbali na intaneti, na pazuri pa kuuweka sasa ni ndani ya kompyuta ya kuigizwa: VirtualBox juu ya Linux, ambako XP inaonyeshwa vifaa inavyovifahamu, mashine yenyewe iwe ya jina lolote.

Ufundi huo utahitajika zaidi. Huduma ya kawaida kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Zinapotolewa maofisini huko ughaibuni, nyingi bado ni nzima, na Linux inaingia bila kuuliza nembo. Mwenye rekodi za chama au za zahanati kwenye mashine ya zamani aanze na kunakili diski nzima, kabla fundi hajagusa kitufe cha kufuta.