Dhamana Kando ya Mto Tana: Mkopo, Mifugo na Elimu ya Fedha

Sehemu kubwa ya mtaala wa shahada ya uzamili katika fedha na benki, yaani shahada inayofuata ile ya kwanza, huzunguka swali moja, nalo ni nini kinachomhakikishia mkopeshaji kwamba mali yake itarudi. Jibu la kibenki huitwa dhamana, yaani mali ambayo mkopaji anaiweka rehani ili ichukuliwe endapo atashindwa kulipa. Katika bonde la chini la Mto Tana, kuanzia Hola hadi Garsen na kushuka mpaka Kipini ambako mto huingia baharini, swali hilo lilikuwa likijibiwa kwa njia nyingine kabla ya benki ya kwanza kufunguliwa pwani. Mengi yaliyoandikwa kuhusu umaskini wa mikopo wa eneo hili yamelipita jambo hilo bila kulitazama.

Wapokomo, ambao ni wakulima wa kingo za mto, na Waorma, ambao ni wafugaji wa mbuga zilizo nyuma ya kingo hizo, walikuwa na mikopo ya aina zao. Ng'ombe wa maziwa aliazimwa kwa jamaa aliyepoteza mifugo katika ukame, maziwa yakawa ya jamaa huyo huku ng'ombe na ndama wakibaki mali ya mwenyewe. Na nafaka ilibadilishwa kwa mifugo msimu ambao upande mmoja ulikuwa na akiba na mwingine hauna. Hapakuwa na hati. Kilichosimama nyuma ya deni kilikuwa ukoo wa mdaiwa na wazee wake, kwa Wapokomo baraza lililojulikana kama Gasa, na mtu aliyekana deni alijiharibia si jina lake peke yake bali pia nafasi ya ndugu zake kuaminiwa siku nyingine.

Benki za kisasa zilikuja pwani kwa ajili ya biashara ya bandari. National Bank of India ilifungua ofisi Zanzibar mwaka 1892 na Mombasa mwaka 1896, nayo Standard Bank of South Africa ikaingia Mombasa mwaka 1911, zote zikiwahudumia wafanyabiashara wakubwa ambao bidhaa zao zilikuwa ghalani na meli zao zikionekana. Mkulima wa Ngao au mfugaji wa Galole hakufikiwa isipokuwa kupitia mwenye duka aliyemkopesha nguo na sukari, na hata njia hiyo nyembamba ilibanwa na sheria ya kikoloni ya mwaka 1948 iliyodhibiti mikopo kwa Waafrika, ambayo kwayo deni lililozidi shilingi 200 halikuweza kudaiwa mahakamani ikiwa halikuidhinishwa na afisa wa serikali. Sheria hiyo ilielezwa kuwa ni ya kumlinda Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yake yalikuwa kumnyima mazoea ya mkopo rasmi kwa miaka mingi, na ni vigumu kuamini kwamba walioitunga hawakuliona hilo.

Baada ya uhuru ardhi ya Tana River ilibaki kwa kiasi kikubwa kuwa ardhi ya amana, yaani ile iliyoshikiliwa na baraza la wilaya kwa niaba ya wakazi, na kwa kuwa haikuwa na hatimiliki ya mtu mmoja mmoja haikuweza kuwekwa rehani. Miradi ya umwagiliaji ikajaribu kulikwepa tatizo hilo kwa kuyafanya mazao yenyewe kuwa dhamana. Katika mradi wa Hola, ulioanza mwaka 1953 kwa kazi ya wafungwa wa kizuizini na ambako 11 kati yao waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959, na baadaye katika mradi wa Bura uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, mkulima alikuwa mpangaji mwenye kibali. Alipewa mbegu, dawa na maji kwa mkopo, akatakiwa kuikabidhi pamba yake kwa mradi, kisha gharama zikakatwa kabla ya yeye kuona senti. Mpango huo ulimlinda mkopeshaji dhidi ya mkulima, lakini haukumlinda yeyote dhidi ya mto: mwaka 1989 Tana ilihama mkondo wake, pampu za Hola zikakosa maji, na dhamana yote ikakauka shambani. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifanya kinyume chake huko chini karibu na Garsen, zikabomoa kingo za mradi wa mpunga wa delta.

Wakati miradi hiyo ikihangaika, elimu ya juu ya uchumi iliingia Tana River kwa mlango usiotarajiwa, kwani wenyeji walichunguzwa na wasomi kabla wao wenyewe hawajafika kwa wingi katika madarasa ya uzamili. Mwanaanthropolojia Mmarekani Jean Ensminger alianza utafiti miongoni mwa Waorma wa Galole mwaka 1978, na kitabu chake cha mwaka 1992, *Making a Market*, kikawa miongoni mwa maandiko yanayotajwa sana katika taaluma inayohusu gharama za miamala, yaani gharama za kumtafuta mshirika wa biashara, kupatana naye na kuhakikisha kwamba anatimiza ahadi. Suala alilolikuta linafundishwa katika kila darasa la fedha kwa jina la tatizo la wakala: mwenye mali na anayeitunza wana maslahi tofauti, na wa kwanza hawezi kumwona wa pili muda wote. Mworma aliyehamia kijijini ili afungue duka au asomeshe watoto aliwaacha ng'ombe wake katika kambi za mbali mikononi mwa wachungaji wa kuajiriwa, na kwa kuwa hakuna mkaguzi ambaye angeweza kwenda kuhesabu maziwa yaliyonywewa porini, alimfanya mchungaji karibu kama mwana wa nyumba, kwa kujua kwamba heshima ya undugu ingefanya kazi ambayo mshahara peke yake usingeifanya.

Katika makala ya mwaka 1997 Ensminger alikwenda mbali zaidi, akidai kwamba kusilimu kwa Waafrika kama Waorma, waliosilimu kwa wingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kulipunguza gharama hizo za biashara, kwa sababu Uislamu uliwapa wafanyabiashara wa makabila mbalimbali sheria moja ya mikataba, utaratibu wa kuandika hesabu na msingi wa kuaminiana. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa inamsahau kidogo mwumini mwenyewe na imani yake. Yenye kupendeza zaidi ni majaribio yake ya baadaye, ambamo watu wanne walipewa fedha, kila mmoja akaweka kiasi alichotaka katika mfuko wa pamoja bila kuonekana, kisha mfuko ukaongezwa maradufu na kugawanywa sawasawa kwa wote. Wachezaji, ambao walizoea michango ya kujengea shule, waliutambua mara moja na kuuita mchezo wa harambee.

Kwa upande wa vyuo, kijana wa Garsen aliyetaka shahada ya fedha alilazimika kwa muda mrefu kwenda Nairobi, mpaka Chuo Kikuu cha Pwani kilipoanzishwa Kilifi mwaka 2007 kama chuo kishiriki cha Kenyatta na kupata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013, mwaka uleule serikali za kaunti zilipoanza na Hola, makao makuu ya kaunti, ikahitaji wahasibu na maafisa wa bajeti wake yenyewe. Katika kipindi hichohicho huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwaka 2008 Gulf African Bank na First Community Bank zikaanza kazi kwa kufuata sharia, yaani bila riba, zikitumia mikataba kama murabaha, ambapo benki hununua bidhaa na kumwuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi. Kwa msomi aliyelelewa katika familia ya wafugaji Waislamu, mikataba hiyo ilikuwa karibu zaidi na biashara ya nyumbani kuliko hesabu za riba zilizojaza vitabu vyake.

Hata hivyo badiliko linalogusa historia hii moja kwa moja ni la kisheria. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu haki za dhamana katika mali inayohamishika iliruhusu mifugo na mazao kuwekwa rehani na kusajiliwa katika daftari la kielektroniki la serikali, kwa sharti kwamba mali hiyo ielezwe kiasi cha kutambulika. Kwa kundi la ng'ombe sharti hilo ni zito, maana wakati wa ukame mifugo huletwa delta kutoka Garissa na mbali zaidi, hushuka majini kwa malka, yaani mapito ya mifugo kwenda mtoni, huchanganyika na kutengana, wengine hufa na wengine huzaa, na anayeweza kusema kwa uhakika ng'ombe huyu ni wa nani ni mchungaji wa kambi na wazee wanaozijua alama zake. Jinsi afisa wa mikopo atakavyoupata ushahidi wao na kuupa thamani ya shilingi ni mada ambayo tasnifu ya uzamili inaweza kuishughulikia kwa faida kubwa, na mwenye nafasi nzuri ya kuiandika ni yule ambaye amewahi kuchunga.